Nani atakayeandika habari za Kilwa? Mzee, binti yake na shahada ya uzamili

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA baada ya swala ya Ijumaa, katika kibaraza cha msikiti mmoja wa Kilwa Kivinje, pale mzee mmoja, mkulima wa ufuta ambaye umri wake unakaribia miaka sabini, alipomshika mkono mwandishi wa makala haya na kumvuta pembeni.

"Wewe si ndiye wa gazetini?"

"Ndiye, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kaa, nina swali, na sitaki unijibu kwa haraka."

Swali lenyewe lilikuwa hili. Binti yake amemaliza shahada ya kwanza, akarudi nyumbani na kufundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari. Sasa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa habari, na nia yake ni kujikita katika habari za siasa na mambo ya umma. Mzee ana akiba ya misimu miwili ya ufuta, fedha alizoziweka ili aezeke nyumba yake kwa bati kabla ya masika. Binti hajaziomba, lakini mzee anajua kuwa bila fedha hizo safari haitakuwapo.

"Ningemwelewa kama angetaka udaktari au sheria," alisema. "Lakini uandishi? Mimi nawajua waandishi. Walikuja kijijini kwetu siku ya mkutano wa ardhi. Mwandishi alikuja na msafara, akaondoka na msafara. Sisi tulibaki pale mpaka magharibi tukiulizana maswali. Kesho yake gazeti likasema wananchi wameridhia. Nani aliridhia? Binti yangu ndiye aliyenisomea habari ile, na tangu siku hiyo hataki kusikia kazi nyingine."

Swali la mzee huyu si lake peke yake. Ni swali la familia nyingi za mwambao wa Lindi, kuanzia Somanga hadi Mchinga, ambazo watoto wao wamefika chuo kikuu na sasa wanataka kupiga hatua nyingine. Kwa sababu hiyo tumeona vyema tulijibu kwa kirefu katika ukurasa huu wa leo.

Si jambo jipya Kilwa

Wapo wanaodhani kuwa kuandika mambo ya watawala na mali ya umma ni desturi iliyoletwa na Wazungu. Historia ya Kilwa inasema vingine. Mwanazuoni na msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 hakuishia kusifu mji na watu wake. Alieleza pia namna sultani wa wakati huo, Al-Hasan bin Sulaiman, alivyotenga sehemu ya tano ya ngawira katika hazina ya pekee, na nani aliyenufaika na hazina hiyo. Kwa lugha ya leo tungesema ameandika habari ya fedha za umma: zimetoka wapi, zimewekwa wapi na zimetumika kwa nani.

Karne mbili baadaye Kilwa ikapata tarikh yake yenyewe kwa lugha ya Kiarabu, iliyoandikwa na mwenyeji ambaye jina lake halikutufikia. Nakala yake iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa hadi leo London. Jina la kitabu hicho lina neno akhbar, yaani habari, neno lile lile tunalosalimiana nalo kila asubuhi. Nacho kinasimulia nani alitawala, nani alinyang'anya madaraka, na Wareno walivyofika.

Vita vya Maji Maji navyo vilipozuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, hakukosekana mwenyeji wa kuvisimulia. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao ulichapwa upya mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba watu hawa hawakuwa waandishi wa habari kwa maana ya sasa. Hata hivyo walifanya kazi ile ile ya kuwaambia watu mambo yanayowahusu wote, kutoka mahali yalipotokea.

Mambo ya umma ya mwambao huu

Ndugu msomaji, yafaa tujiulize: je, leo Lindi ina mambo ya kumtosha mwandishi aliyesoma hadi uzamili? Tutaje machache tu.

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mwaka 2015 bomba jipya kutoka Mtwara likazinduliwa, nalo lapita Somanga Fungu, humo humo wilayani Kilwa. Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na mwaka 2013, ambapo Mtwara ilishuhudia vurugu na vifo kwa sababu ya bomba hilo. Wananchi walikuwa wakiuliza watafaidikaje, na wengi wao waliamini kuwa hawajajibiwa.

Huko Likong'o, katika Manispaa ya Lindi, ardhi ya zaidi ya hekta 2,000 ilitwaliwa kwa ajili ya mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika, na wakazi walisubiri miaka kadhaa kabla ya malipo ya fidia kuanza mwaka 2020. Mwaka 2022 Serikali ilitiliana saini na kampuni za nje makubaliano ya awali ya mradi huo, ambao gharama yake inahesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya dola. Je, ni nani kati ya wakazi wa Mchinga aliyewahi kuelezwa, kwa Kiswahili chepesi, mkataba wa namna hiyo hujadiliwa vipi na nchi hupata nini?

Turudi Kilwa. Katika miaka ya 2008 na 2009 kampuni ya Kiholanzi iliyoitwa BioShape ilifika kulima mbono kwa ajili ya mafuta ya mitambo, katika kiasi cha hekta 34,000 za ardhi ya vijiji vinne, kikiwamo Mavuji. Mradi haukudumu. Kampuni ilianguka, kazi zikasimama, na vijiji vikabaki na suala la ardhi yao ni ya nani sasa. Katika wilaya hiyo hiyo, mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu, hatua iliyokuwa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Wilaya moja, kipindi kimoja, habari mbili zinazotofautiana kama usiku na mchana. Ni wangapi waliozisoma zote mbili na kuzilinganisha?

Aidha yapo mafuriko ya Januari 2020, yaliyoua watu na kuwaacha maelfu bila makazi mkoani Lindi, na Kilwa ikaathirika vibaya. Ipo pia barabara ya kusini iliyokatika Somanga Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita. Katika siku kama hizo mwandishi wa Dar es Salaam hawezi hata kufika. Anayeweza kusema ni yule anayeishi upande huu wa mto.

Uzamili unafundisha nini?

Ikumbukwe kuwa sheria haimlazimishi mwandishi kuwa na shahada ya uzamili. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyopitishwa wakati Waziri wa Habari akiwa Nape Nnauye, mbunge wa Mtama mkoani Lindi, ilifuatiwa na kanuni za mwaka 2017 zilizoweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Basi anayekwenda mbele zaidi haendi kutafuta ruhusa ya kufanya kazi. Anatafuta uwezo wa kufanya kazi ambayo wengi hawaiwezi.

Uwezo huo ni upi? Kwanza ni kusoma nyaraka. Mwandishi wa mambo ya umma hukaa na kitabu cha bajeti ya halmashauri, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ambayo huwasilishwa bungeni kila mwaka, akatafuta tofauti kati ya fedha iliyoidhinishwa, iliyopokewa na iliyotumika. Pili ni sheria. Wangapi wanajua kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30? Au kwamba tangu mwaka 2015 ipo sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka malipo ya kampuni kwa Serikali yatangazwe? Tatu ni takwimu na mbinu za utafiti, ili mwandishi asidanganywe kwa asilimia. Nne ni maadili, ambayo kwa Muislamu si somo geni, kwani Sura ya Al-Hujurat, aya ya sita, imewaagiza waumini kuihakiki habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wanazuoni wa hadithi nao walipima kila msimulizi kabla ya kuipokea kauli yake. Mwandishi anayeuliza "nani kakwambia, naye alikuwapo?" anafuata njia ambayo masheikh wetu waliipita zamani.

Mwisho ni tasnifu, yaani utafiti mrefu wa mwanafunzi mwenyewe. Hapa ndipo binti wa Kilwa ana utajiri ambao mwenzake wa mjini hana. Anaweza kufuatilia ushuru wa huduma ambao halmashauri hutoza kampuni: je, ule unaotokana na gesi ya Songo Songo umelipwa wapi na umejenga nini? Anaweza kuchunguza namna redio za kusini, kama Mashujaa FM ya Lindi au Jamii FM ya Naliendele, zinavyotangaza vikao vya madiwani, na kama zinavitangaza kweli.

Nchi nyingine zimefika mbali katika jambo hili. Nchini Marekani, katika mji wa Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, mwaka 1972 mwanasiasa Paul Simon, ambaye kabla ya siasa alikuwa mmiliki wa magazeti, alianzisha masomo ya uzamili ya uandishi wa mambo ya umma. Mwanafunzi husoma darasani, kisha hupelekwa katika bunge la jimbo na kufanya kazi kama mwandishi kamili kwa miezi kadhaa, akisimamiwa na wazoefu. Hajifunzi siasa kwa kuisikia, bali kwa kukaa ndani ya kikao. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York nacho kina shahada ya uzamili ya uandishi yenye mkondo wa siasa.

Na Columbia si jina geni kusini mwa Tanzania. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, alisoma hapo uzamili wa masuala ya kimataifa mapema miaka ya 1960, baada ya kutoka Makerere. Mwaka 1966 akakabidhiwa uhariri wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru, mwaka 1972 akaliongoza Daily News, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Baadaye akawa Rais, kuanzia 1995 hadi 2005. Utawala wake una mengi yanayojadiliwa, nao si mjadala wa leo. Tunachokitaja ni kwamba mtoto wa kijiji cha kusini alisoma mambo ya umma kwa kina, kisha akahariri magazeti yaliyosomwa na taifa zima.

Wapi pa kusoma?

Hapa nchini Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo mrithi wa chuo cha uandishi kilichoanzishwa mwaka 1975, kikaingizwa chuo kikuu mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, ni cha Kanisa Katoliki lakini hupokea wanafunzi wa dini zote. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina faida ya pekee kwa familia kama ya mzee wetu, kwa kuwa kina vituo mikoani, ukiwamo mkoa wa Lindi, na mwanafunzi aweza kusoma huku akiendelea na kazi. Kwa ngazi ya shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro hufundisha mawasiliano ya umma, na wazazi wenye watoto wanaomaliza kidato cha sita wakiweke akilini.

Jirani zetu wa Nairobi wana mafunzo ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, na shule ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 2015. Kwa wanaotazama mbali zaidi, ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, kwa sharti la uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani baada ya masomo.

Mzazi asisahau kuhakikisha kwanza kuwa chuo na shahada vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na aombe mchanganuo wa ada zote kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kuhusu mikopo, Bodi ya Mikopo kwa kawaida huwalenga wanafunzi wa shahada ya kwanza, hivyo familia isijenge matumaini yake hapo. Kwa waliokopa huko nyuma na kusumbuliwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo baadhi ya Waislamu waliiona inakaribiana na riba, tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021.

Hofu ya mzazi ni ya haki

Tungekuwa tunamdanganya msomaji kama tungeishia hapa. Mzee alipomaliza suala la fedha, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na yule kijana wa Kibiti?"

Alikuwa akimkusudia Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, ambaye alitoweka Kibiti Novemba 2017. Alikuwa ameandika kuhusu mauaji yaliyokuwa yakitokea Kibiti na Rufiji. Miaka imepita, na familia yake haijaelezwa yuko wapi. Kila basi la Kilwa liendalo Dar es Salaam hupita Kibiti, na hakuna mzazi wa mwambao asiyeijua habari hiyo. Kumwambia mzazi kuwa asihofu ni kumdharau.

Sheria nazo zimekuwa na ubishani. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Ni hatua, lakini njia bado ni ndefu.

Je, elimu ya juu humkinga mwandishi? Haiwezi kumkinga na kila shari. Humkinga na baadhi ya makosa yanayomweka hatarini bila sababu: kuandika tuhuma asiyo na waraka wake, kutaja mtu bila kumpa nafasi ya kujibu, kwenda peke yake bila mhariri kujua alipo. Humfundisha pia kuhifadhi siri ya waliomwamini. Na mwandishi mwenye elimu na jina lake aweza kujadiliana na mhariri, wakati yule anayelipwa kwa habari moja moja hukubali lolote ili ale. Hili nalo mzazi alijue: kipato cha waandishi wengi wa mikoani ni kidogo, na shahada haiji na mshahara mkononi. Wapo wanaochanganya uandishi na ufundishaji, au utafiti, na hakuna aibu katika hilo.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Mambo ya Kilwa yataandikwa tu, wenyeji wakitaka wasitake. Yataandikwa na wanaokuja na msafara, au na wanaobaki mpaka magharibi. Mkutano mmoja wa ardhi ukiandikwa vibaya, kijiji kizima kinaweza kuonekana kimeridhia jambo ambalo hakikuridhia, na karatasi hiyo ikatumika dhidi ya wajukuu.

Jibu kwa mzee

Tulimwambia mzee yale tuliyoyaona kuwa ya haki. Kwamba asiuze kilicho cha lazima. Kwamba binti aombe ufadhili kwanza na atazame Chuo Kikuu Huria, ambako angeweza kusoma akiwa hapa hapa mkoani, bila kulipa chumba cha mjini. Kwamba nyumba iezekwe, hata kama ni upande mmoja, kwa kuwa mama mwenye nyumba naye ana haki yake. Na kwamba kabla ya yote amwite binti mwenyewe amsikilize, kwani ni mtu mzima na safari ni yake.

Mzee alimwita pale pale kwa simu. Binti alikuja, akatusalimu, akakaa chini ya mwembe na bahasha mkononi. Baba yake hakumuuliza ada, wala hakumtajia Kibiti.

"Ukirudi na hiyo shahada," alisema, "siku ya mkutano wa ardhi utakaa mpaka mwisho?"

"Nitakaa, baba. Na nitakusomea nilichoandika kabla hakijachapwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Usinisomee mimi peke yangu. Msomee na yule wa upande wa pili, aone kama umemwandika kwa haki."

Sisi hatukuwa na la kuongeza. Wazazi wa mwambao wenye watoto waliofika hapo wakae nao wazungumze, kabla barua ya chuo haijapitwa na tarehe.

Wabillahi tawfiq.